Mstari Nilioondoka Nao Kerege

Mwezi uliopita nilikwenda Kerege kwenye ubatizo wa mtoto wa binamu yangu, na nikuambie ukweli, rafiki yangu, nilitoka pale masikio yananiuma. Kanisa lenyewe zuri, kubwa, lina vigae chini na feni juu. Lakini pembeni mwa altare kuna spika mbili zinazonizidi kimo, na kwaya ya watoto ilisimama mbele yake, kila mmoja na shati la satini, wanaimba mpaka mishipa ya shingo inawatoka. Mtoto wetu wa ubatizo alilia mwanzo hadi mwisho. Ndugu wakacheka, wakasema huyu ana sauti, mwanakwaya huyu. Mimi moyoni nikasema, jamani, mtoto wa watu anaogopa.

Ibada ilipokwisha nikamfuata kijana anayepiga kinanda. Nikamwuliza kama bado wanao ule wimbo wa Noeli wa kumlaza Mtoto Yesu, ule wa zawadi, ambao kila mtoto ana mstari wake. Akavua vile vidude vya masikioni kwa adabu kabisa.

"Upi huo, mama? Upo mtandaoni?"

"Haupo."

"Basi niimbie kidogo niusikie, nitautafutia vyombo."

Nikafungua mdomo, nikaufunga. Kwa sababu katika wimbo ule wote mimi ninaujua mstari mmoja tu. Ni wa kwangu, niliondoka nao Kerege nikiwa na miaka tisa, na sikupaswa kuondoka nao.

Ngoja nikueleze vizuri. Kerege ya wakati huo haikuwa hii ya kuta za matofali na vibao vya "kiwanja hakiuzwi". Nyumba zilikuwa chache, zimejipanga kandokando ya barabara ya Bagamoyo, na ukipita nyuma yake unaingia kwenye mikorosho na mihogo mpaka uchoke. Bibi yangu, mzaa baba, alikuwa na shamba lake huko, na sisi tulikaa kwake. Kigango chetu, kanisa dogo la kijiji, kilikuwa na ukuta wa udongo unaoishia kifuani kwa mtu mzima, juu makuti. Padre alikuja kutoka Bagamoyo mara moja kwa mwezi kwa pikipiki, Jumapili nyingine katekista alituongoza. Jumamosi alasiri kilikuwa chetu, watoto wadogo, pamoja na Mwalimu.

Mwalimu alifundisha darasa la kwanza siku za kazi, na Jumamosi akatufundisha kuimba. Mwanamke mfupi, mweusi tititi, na sauti yake ilikuwa ya chini hivi kwamba ili umsikie lazima usogee. Usiniulize alisomea wapi muziki. Hakusomea popote. Lakini alikuwa na imani moja ambayo hakuna aliyeweza kumtoa, kwamba mtoto akifundishwa kupiga kelele kanisani atakuwa anapiga kelele maisha yake yote, hata akiwa anasali peke yake. "Mungu si kiziwi," alikuwa anatuambia. "Mwimbie kama yuko hapa kwenye mkeka, amekaa nawe."

Sasa sikia alivyotufundisha, maana hutaamini. Alikuwa na kuku wake, tetea mwekundu, anayeatamia ndani ya tenga kwenye pembe ya kigango. Katekista alilalamika wee, kwamba nyumba ya Mungu imegeuzwa banda, Mwalimu akamjibu kwamba kuku huyo ni msaidizi wake. Na kweli alikuwa msaidizi. Tukiimba vizuri, kuku alitulia na kufumba jicho. Tukipandisha sauti, alinyanyua kichwa. Tukizidi, alisimama juu ya mayai, na hapo Mwalimu alinyoosha kiganja, akakishusha taratibu kuelekea chini, na sisi tulishuka nacho. Hakugomba hata siku moja. Siku tuliyomfukuza kabisa kuku kwenye tenga tulinyamaza wenyewe kwa aibu, tukakaa tukimsubiri arudi, na mafunzo yakaishia hapo.

Kayamba zetu alizitengeneza mwenyewe, ndogo za kutosha mikono yetu, na badala ya mbegu ngumu alitia chenga za mchele. Ukiitikisa inasema shhh, shhh. Ngoma yetu ilikuwa moja, ameifunika ngozi yake kwa kipande cha khanga kilichochakaa, na aliyepewa kuipiga aliipiga kwa vidole tu. Mimi nilipenda sana zamu ya ngoma. Nilikuwa mtoto wa fujo, bibi aliniita king'ora, na pale tu ndipo nilipoweza kukaa saa nzima bila kugombana na mtu.

Ng'ambo ya njia aliishi jirani mmoja, mama wa Kiislamu, mpika vitumbua. Harufu ya hiliki na mafuta ya nazi ilitufikia katikati ya wimbo, ikatuharibia imani. Tukimaliza alituita ukutani, kila mmoja kitumbua kimoja, cha moto, unakirusharusha mkono huu na mkono huu. "Mashallah, leo mmemlaza mpaka mjukuu wangu," alisema, na Mwalimu alifurahi kuliko angesifiwa na padre. Adhana ya magharibi ilipoanza tuliweka kayamba chini. "Majirani wanaitwa," Mwalimu alisema, basi tunafunga kwa ishara ya msalaba, kila mtu kwao.

Wimbo wenyewe ulizaliwa mwaka ambao nilikuwa na miaka saba. Mwalimu alituketisha kwenye mkeka, tulikuwa kumi na wanne, akasema Noeli inakuja, Mtoto Yesu atalazwa kwenye pango pale mbele, na mtoto mchanga anataka kulala. Kisha akamwuliza kila mmoja, "Kwenu kuna kitu gani kinachomfanya mtoto alale?" Si cha dukani, cha kwenu. Mmoja akasema upande wa khanga wa mama yake. Mwingine maji ya dafu. Kulikuwa na mvulana aliyesema mbwa wao, kwa sababu habweki. Tulicheka mpaka kuku akasimama, lakini Mwalimu hakucheka. Alisema mbwa asiyebweka ni zawadi kubwa kwa mzazi mwenye mtoto mchanga, na mbwa akaingia kwenye wimbo wa Noeli.

Zamu yangu ilipofika nilikuwa sina kitu. Kwetu hapakuwa na dafu wala mbwa. Nikakumbuka kwamba mchana bibi alinitandikia gunia chini ya mkorosho ulio nyuma ya jiko, na hapo nililala hata kama sikutaka. Nikasema, "Kivuli." Mwalimu akaimba polepole, akiutafuta mstari wangu, "Nami nimekuletea kivuli cha mkorosho wetu." Sauti ilipanda kwenye "mkorosho", kisha ikabaki hukohuko juu kwenye "wetu", bila kushuka, kwa sababu ilikuwa inamngoja anayefuata katika mpangilio wa wimbo, yule wa mbwa, aipokee hapohapo. Haki ya Mungu, sikuwahi kupewa kitu kizuri hivyo. Nilirudi nyumbani nakimbia, nikauimbia mkorosho wenyewe.

Na hapa ndipo penye utaratibu ambao sijauona kanisa lingine lolote. Mstari ulikuwa wa mtu. Hakuna aliyeuimba wa mwenzake. Kama hukuja, umeumwa au umekwenda ngomani kwa shangazi, wenzako walipofika pako walifumba midomo, wakaimba mmm, mmm, urefu wa mstari wako, kisha wakaendelea. Ukikua, ukishapata Komunyo ya Kwanza, unahamia kwaya ya wakubwa na unamwachia mdogo mmoja mstari wako. Mnakaa wawili kwenye mkeka. Unamwimbia sikioni mara tatu, naye anakurudishia sikioni kwako mara tatu. Kuanzia hapo ni wake, wewe huuimbi tena pale. Mwalimu hakuandika chochote. Alisema kilichoandikwa watu hukiacha sandukuni.

Nilipokuwa na miaka tisa, baba alipata kazi Morogoro. Tulipewa juma moja la kufungasha. Mwalimu akaja kwa bibi, wakasalimiana, habari za nyumbani, za shamba, za afya, kisha akaniambia kwamba Jumamosi nije nimwachie mstari binti mdogo wa katekista. Binti yule alikuwa na miaka mitano, kamasi hazimkauki, na kwao hapakuwa hata na mkorosho! Kivuli kilikuwa cha kwetu. Gunia lilikuwa la bibi yangu. Niliondolewa kwenye nyumba, kwa bibi, kwa vitumbua, kwa kila kitu, na sasa hata hiki kidogo wanataka nikiache. Lakini niliitikia, "Ndiyo, Mwalimu."

Jumamosi ilipofika nikajificha kwenye banda la kuni. Nilisikia wenzangu wakianza kuimba kule kigangoni, nikasikia wanafika pangu, wanasema mmm. Baadaye wakaja wawili kuniita, bibi akawaambia hajui nilipo. Kisha akaja Mwalimu mwenyewe, amemshika mkono yule mdogo. Bibi akanigundua, maana nilipiga chafya, vumbi la kuni lile.

"Toka humo!" bibi akafoka. "Aibu gani hii?"

"Mwache, Mama," nikamsikia Mwalimu. "Siwezi kumnyang'anya kitu chake. Tutamsubiri."

Akakaa juu ya kigogo nje ya banda, yule mdogo pembeni yake. Kupitia nafasi za miti niliona miguu yao, viatu vyake vyeusi vya ualimu na vile vidole vidogo vyenye vumbi vinavyochezacheza. Walikaa muda mrefu. Hakuniita, hakuniomba, hakuniambia Yesu atachukia. Adhana ilipoanza akasimama, akaaga, wakaondoka. Mimi mle ndani nilijiona nimeshinda. Kesho yake asubuhi tulipanda lori na magodoro yetu, na njia nzima nilikuwa naimba kimoyomoyo.

Morogoro ile Noeli ya kwanza niliuimba kwa sauti, peke yangu, uani. Loo! Haukuimbika. Ulipanda, ukafika pale juu, ukabaki unaning'inia, hakuna wa kuupokea. Nikajaribu kuendelea na wa mbwa, sauti ikapotea, ikageuka kuwa ileile ya kwangu. Nikaurudia mara kumi, na kila nikifika mwisho nilizidi kusikia upweke, mpaka nikalia. Mama akadhani ni nge.

Bibi alitutembelea baada ya sikukuu. Nikamwuliza kwa kuzungukazunguka, kama mtu asiyejali, Noeli ilikuwaje.

"Ilikuwa nzuri. Walipofika pako wakasema mmm tu. Watu wakageuka kutazama kulikoni."

"Si Mwalimu angempa yule mdogo? Yeye anaujua."

"Nilimwambia hivyohivyo. Akasema si wake kuutoa."

Nikaapa kwamba likizo ijayo nitakwenda kuutoa mwenyewe. Likizo ikaja, nauli haikuwepo. Halafu bibi akaugua, akahamia kwetu, akafia kwetu. Shamba likakatwa viwanja, mkorosho ukaenda na viwanja hivyo. Mimi nikasoma, nikaolewa, nikazaa, nikahamia mji mwingine. Nilikuwa nakumbuka kila Noeli na kila Noeli nilijiambia, ah, mambo ya kitoto, nani anayajali. Uongo mtupu. Nilikuwa naona aibu, ndiyo maana sikurudi.

Basi pale kanisani, kijana wa kinanda bado ananisubiri niimbe, nikamwuliza kama Mwalimu yu hai. Mama mmoja aliyekuwa anakunja vitambaa vya altare akadakia, "Yupo! Yuko Mapinga kwa binti yake, macho tu ndiyo yamegoma." Sikusubiri pilau ya ubatizo. Binamu yangu ameninunia mpaka leo.

Nilimkuta amekaa barazani, amejifunga khanga mbili, mdogo zaidi kuliko nilivyomkumbuka. Nikapiga magoti.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

Nikasema jina langu, halikumwambia kitu. Nikasema la bibi yangu, akatafakari. Nikaimba. Niliimba chini, kama alivyotufundisha, na kabla sijafika kwenye "mkorosho" mkono wake ukanipapasa bega.

"Wewe ndiye wa kivuli."

Nililia, rafiki yangu. Mtu mzima na miaka yangu na gauni la sherehe, nililia kichwa changu kikiwa magotini kwake. Nikamwomba msamaha kwa banda la kuni, kwa yule mdogo aliyekaa na vidole vyake vya vumbi akisubiri. Akasema yule mdogo alipewa mstari mwingine mwaka uliofuata, sasa ana watoto wake. Akaniambia kwamba waliendelea kusema mmm pale pangu miaka na miaka. Watoto waliokuja nyuma walidhani ndivyo wimbo ulivyo, kwamba pale mtoto ndipo anaposinzia. Wengine walipapenda hapo kuliko pote, wakawa wanafumba na macho.

"Ungewapa tu, Mwalimu. Miaka yote hiyo."

"Nilikuwa nakungoja."

Alisema neno hilo tu, bila lawama, na ndilo lililoniumiza zaidi. Nikamwambia tuuandike sasa hivi, nina simu, tuuimbe wote nirekodi, nimpelekee yule kijana. Akatabasamu, akaanza. Akashika mstari wa upande wa khanga, akaimba maneno matatu, akasita. Akarudi mwanzo. Akashika ule wa maji ya dafu, sauti ikawa ya khanga. Akatikisa kichwa. "Zimechanganyikana," akasema. "Mimi nilikuwa naanzisha tu. Mlioshika ni ninyi." Akajaribu tena na tena, na mimi nilikuwa namsaidia, nasema mbwa, Mwalimu, jaribu wa mbwa, na wa mbwa nao haukuja. Mvulana yule alikwenda kuvua Saadani, Mwalimu akaniambia, na baada ya hapo hakuna anayejua. Macho yalipomfifia Mwalimu aliacha Jumamosi zake, wakaja wenye vinanda, ukuta wa udongo ukabomolewa, na kumi na wanne wale, na waliorithi kwao, kila mmoja ameondoka na kipande chake bila kujua kwamba ndicho pekee kilichobaki. Miaka yote nilijilaumu kwa kuubeba mmoja. Kumbe hata iliyotolewa kwa utaratibu, sikio kwa sikio, nayo imekwenda.

Nilitaka kuaga. Mwalimu akaita ndani, akatoka kitukuu wake, msichana wa miaka sita hivi, bado na sketi ya shule ingawa ilikuwa Jumapili, magoti meupe kwa vumbi. Akaniamkia vizuri. Mwalimu akamwonyesha mkeka.

"Mpe," akaniambia.

Tukakaa. Nikamwimbia sikioni mara tatu, nywele zake zikinisugua shavu. Akanirudishia, mara ya kwanza kwa nguvu, Mwalimu akanyoosha kiganja hewani, akakishusha, naye akashuka nacho ingawa hakuna aliyemfundisha. Mara ya tatu aliuimba sawasawa. Ulipanda, ukafika juu, ukabaki pale pale. Mtoto akasubiri, akanitazama mimi, akamtazama Mwalimu, akanigeukia tena.

"Halafu?"

Mwalimu alikuwa ameelekeza uso wake barabarani. Nikamwambia mtoto ukweli.

"Halafu walikuwa wanaimba wenzangu."